Mambo ya Kale Yasiyo na Magofu

Ukitaja mambo ya kale katika Mkoa wa Lindi, fikira za watu wengi hukimbilia pwani. Hukumbuka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, misikiti na majumba yake ya matumbawe, na heshima ambayo mahali hapo palipata mwaka 1981 kwa kuandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wachache husogea mbele kidogo wakakumbuka kilima cha Tendaguru na mifupa yake mikubwa. Lakini aiachaye bahari nyuma yake akashika njia ya bara mpaka Ruangwa na Nachingwea haoni ukuta wa matumbawe wala kuba. Huona mikorosho, mashamba ya ufuta na mbaazi, vilima vya mawe, na mabonde ambayo hukauka kiangazi na kufurika masika. Mgeni mwenye haraka huhukumu ya kwamba hapa hapana cha kale, na mwenyeji aliyechoka kuulizwa humkubalia.

Hukumu hiyo si ya haki. Katika insha hii nataka kuonyesha ya kwamba wilaya hizi mbili zina mambo ya kale mengi na makubwa. Ya kwamba mengi yake hayana gofu la kuyashikilia. Na ya kwamba, kwa sababu hiyo hiyo, mikutano ya wananchi ya kusimulia na kutazama mambo ya kale inahitajiwa huku kuliko hata Kilwa. Gofu la Kilwa likisahauliwa leo, kesho bado litakuwa limesimama. Habari ya Nachingwea ikisahauliwa leo, kesho haipo.

Sheria yenyewe ya nchi imeitilia nguvu dhana ya mgeni yule. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka. Jengo, ngome, kaburi, kisima au chombo kilichofanywa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo kimo katika ulinzi wake. Kilichofanywa baadaye, kwa jumla, hakimo, mpaka Waziri atoe tangazo la kukiingiza. Hatuwalaumu waliotunga sheria hiyo, maana kwao mwaka 1863 ulikuwa karne moja nyuma, na karne moja ni kipimo cha busara. Lakini wakati haukai kungoja sheria. Karibu kila jambo kubwa ambalo Nachingwea na Ruangwa zinaweza kulisimulia kwa majina na kwa tarehe lilitukia baada ya mwaka huo. Kwa hiyo tuta la reli ya zamani lililomo katika shamba la mtu si ukumbusho. Mbele ya sheria ni udongo tu, na mwenye jembe akitaka kulisawazisha hana wa kumzuia. Mlinzi wa kwanza wa historia ya namna hii si askari wala karani. Ni mwananchi anayejua thamani ya kile anachokikanyaga.

Hebu tuyatazame basi hayo yanayokanyagwa, tukianza na yaliyo chini kabisa.

Elimu ya kuchimbua mambo ya kale ilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985. Tangu hapo wataalamu wetu, na miongoni mwao Profesa Felix Chami, wameonyesha kwa uchimbaji wao upande wa Kisarawe na Rufiji ya kwamba wakulima waliojua kufinyanga vyungu na kuyeyusha chuma walikuwako katika nchi hizi tangu karne za kwanza baada ya kuzaliwa Kristo. Ushahidi wao haukuwa dhahabu wala kasri. Ulikuwa vigae na mavi ya chuma, yaani yale makapi meusi, mazito, yenye vitundu, yanayobaki baada ya mawe ya chuma kuyeyushwa katika tanuri. Mkulima akiviona vitu vya namna hiyo shambani mwake huvitupa nje ya mpaka kwa kuwa vinamtia jembe kibutu. Hana kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Saa moja ya mkutano shuleni, vigae vikiwa mezani na mjuzi akivieleza, ingemgeuza mtu huyo kuwa msaidizi wa elimu. Tena angejifunza neno lililo kubwa kuliko yote katika kazi hiyo: asichimbe. Kigae kilichotolewa mahali pake bila ya kuandikwa kimetoka tabaka gani, na kando ya kitu gani, ni kama neno lililokatwa katika sentensi. Laweza kusomeka, lakini halina maana tena.

Tendaguru inatufundisha somo jingine. Mifupa ya kule si kazi ya binadamu, bali ni ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na elimu yake ni nyingine. Lakini namna ilivyotolewa inatuhusu sana. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba kilimani hapo kwa mikono ya mamia ya watu wa nchi ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilichukuliwa kwa vichwa na mabega mpaka bandarini, kisha zikapakiwa merikebuni kwenda Berlin, na huko mwaka 1937 mmoja wa wanyama wale alisimamishwa, ambaye kimo chake leo ni mita 13 na zaidi. Mnyapara mkuu wa kazi ile alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kutambua na kufukua mifupa. Zilipita karibu miaka mia moja kabla ya mnyama mmoja wa Tendaguru kupewa jina la kumkumbuka Boheti, mwaka 2007. Jina hilo limo katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima. Je, limo katika vinywa vya watoto wa Mkoa wa Lindi? Watu wasiojua kilichotoka katika ardhi yao hawawezi kukidai, wala kukionea fahari, wala kuuliza kwa adabu ya kwamba faida yake iko wapi.

Tukipanda kutoka ardhini kuja katika kumbukumbu ya watu, tunakuta njia za misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kushuka Lindi na Kilwa ikiwa na pembe na watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa lugha yetu humjua kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi za Kiswahili, alileta kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja akawakalisha Masasi, jirani ya Nachingwea. Miaka sita baadaye, 1882, wapiganaji wa Kingoni waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka. Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo wanaokaa pamoja leo walikutana katika miaka hiyo ya kukimbia na kukimbiliana, huyu akimpokea yule, na yule akimfukuza huyu. Ndiyo maana ukimuuliza mzee wa huku kabila lake, mara nyingi hakujibu kwa neno moja; hukupa hadithi ya safari.

Kisha ikaja Vita vya Majimaji. Vilipoanza katika milima ya Matumbi mwezi wa Julai 1905 havikukawia kuingia nchi ya Wamwera. Katika mwezi wa Agosti misheni za Nyangao na Lukuledi ziliangamizwa, na ngome ya Liwale ikaanguka. Malipo ya Wajerumani yalikuwa makali. Vijiji na maghala yalichomwa kwa makusudi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliokufa katika kusini yote ya nchi hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Na upana wa makadirio hayo wenyewe ni msiba wa pili, maana ni kusema hakuna aliyewahesabu.

Hapa ndipo tunapouona mfano wa kufuatwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, chini ya uongozi wa Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini wakakaa na wazee walioviona vita vile kwa macho, au walioambiwa na baba zao. Waliandika walichosimuliwa. Kazi ile iliwahi wakati kwa nafasi ndogo sana; kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 wakati huo. Wangechelewa miaka 20 wasingemkuta mtu. Songea nako, ambako tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Kingoni, kumbukumbu yao hufanywa kila mwaka mwezi wa Februari. Watu hukusanyika penye makaburi na Makumbusho ya Majimaji, husimuliwa, hucheza ngoma zao, na watoto hupelekwa kutazama. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapo akaomba msamaha. Msamaha huo haukushuka kama mvua. Uliombwa Songea kwa sababu Songea ilikuwa na mahali, ilikuwa na siku, na ilikuwa na watu ambao kwa miaka mingi hawakukubali kusahau. Lakini vita havikuwa vya Songea peke yake. Nchi ya Wamwera nayo ilizika wafu wake.

Hata kabla vidonda havijapona, vita vya wageni vilipita juu ya kovu. Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi ya Kiingereza yalishuka kutoka Kilwa kuwaandama Wajerumani, wakaiteka Ruponda, iliyo katika Wilaya ya Nachingwea, ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa na ghala ya vyakula. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 15 hadi 18 za mwezi huo, Mahiwa karibu na Nyangao palipiganwa mojawapo ya mapigano ya umwagaji damu mkubwa kabisa katika vita vile vya Afrika ya Mashariki. Vitabu vina majina ya maofisa. Vyakula vilivyowekwa Ruponda vilitoka katika mashamba ya nani? Wapagazi waliovibeba walikuwa wana wa nani? Neno Kariakoo, tulitamkalo kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, ni jina la kikosi cha wapagazi wa vita hivyo lililogeuzwa na ndimi zetu. Lugha imewakumbuka pale ambapo mawe yamewasahau.

Jambo la nne ndilo lililoupa mji wa Nachingwea umbo lake. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, na Serikali yake ikakata shauri kulima karanga Tanganyika katika ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na Urambo na Nachingwea zikafuata. Nachingwea ndiyo iliyotazamiwa kuzaa zaidi, lakini haikuwa na njia ya kufikia bahari. Ikajengwa reli kutoka Mkwaya katika hori la Lindi, ambayo iliifikia Nachingwea mwaka 1949, na bandari ya kina ikaanzwa Mtwara, ikafunguliwa 1954. Wakati huo mradi ulikuwa umekwisha kufa. Matrekta yaliyofanywa kwa vifaru vya vita yalivunjika kwa visiki. Mvua haikushika kalenda ya London. Na mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikiri hasara ya pauni milioni 36. Reli iliendelea kidogo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Historia hii imeandikwa mara nyingi kama kichekesho cha Waingereza: waziri fulani, jenerali fulani, pauni kadha wa kadha. Lakini waliong'oa visiki walikuwa watu wetu. Walitoka vijiji vya jirani na majimbo ya mbali, wakapokea mshahara wa kwanza wa maisha yao, wakajifunza kuendesha mitambo, wakaona mji ukiota katikati ya pori na nusu yake kunyauka. Habari yao ya mradi ule si ya hasara ya pauni. Ni ya kazi, ya ndoa, ya nyumba za bati, ya maneno mapya yaliyoingia Kimwera na Kiswahili cha kusini. Mwaka 1968 wanachuo waliwahi wazee wa Majimaji. Kwa wazee wa karanga sisi tumekaribia kuchelewa, maana kijana wa miaka 15 wa mwaka 1949 amekwisha kupita miaka 90.

Ardhi iliyosafishwa kwa ajili ya karanga ilikuja kuotesha mmea mwingine. Mradi uliyapa mashamba yake namba, na katika shamba liitwalo Farm 17 chama cha FRELIMO kilipewa na Tanzania mahali pa kufundishia wapiganaji wa uhuru wa Msumbiji, tangu katikati ya miaka ya 1960. Samora Machel alikuwa huko kamanda na mwalimu. Mwaka 1967 wasichana wa Msumbiji nao walifundishwa silaha hapo, miongoni mwao Josina, aliyekuja kuwa mke wa Samora na kufa kijana, mwaka 1971. Tarehe 24 Mei 1975 Samora aliuvuka mto Ruvuma kuanza safari ya kuishukia Maputo, na tarehe 25 Juni nchi yake ikawa huru. Ni miji michache ya ukubwa wa Nachingwea iliyoona dola ikilelewa uani mwake.

Walakini mkutano wa kweli wa historia hausemi sifa tu. Ni Nachingwea hiyo hiyo ambako, mwezi wa Mei 1975, Uria Simango na wenzake waliopingana na uongozi wa FRELIMO walisimamishwa mbele ya watu wakasomeshwa maungamo. Baadaye Simango na baadhi yao waliuawa Msumbiji bila ya hukumu ya mahakama. Tukiwaambia vijana habari ya Mei 24 tukaficha ya siku zilizotangulia, tutakuwa tumewafundisha wimbo, si historia. Mzee mwenye heshima hamfichi mjukuu deni la ukoo. Humwambia, ili ajue namna ya kulilipa.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni la mkulima: bei ya korosho imeanguka, mtoto anataka sare, nawe waniita kutazama vigae? Namheshimu msemaji huyo. Lakini ardhi yake yenyewe sasa inaulizwa maswali. Ruangwa imegunduliwa kuwa na madini mengi ya kinywe, nayo migodi huhitaji ardhi, na katika ardhi mna makaburi, mna mahame, mna miti ya matambiko. Siku ya kupimwa fidia, kijiji kinachojua kusema kwa ushahidi, hapa alizikwa fulani, hapa palikuwa na tanuri la chuma, hapa ndipo jando la mwaka fulani lilipofanyika, husikilizwa kwa namna nyingine kuliko kijiji kinachosema tu, ni petu. Historia haijazi chungu, lakini huweza kuuzuia mkono wa anayetaka kukichukua.

Pingamizi la pili ni la msomi: wazee hawapatani, huyu asema hivi, yule vile. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwasikiliza hadharani badala ya kumsikiliza mmoja faraghani. Mtu akisimulia mbele ya rika lake huchunga ulimi. Akizidisha, wenziwe humrudi. Na pale wasipopatana, tofauti yao huandikwa pia, maana mara nyingi ndipo ulipo mpaka wa koo mbili, au aibu ambayo haijapata msemaji.

Mikutano hiyo basi iweje? Sioni haja ya gharama kubwa. Ifanyike baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Ianze kwa miguu: watu watembee kando ya tuta la reli, wafike Farm 17, wapite Ruponda, na kila mahali asimame anayepajua aseme. Vyombo vya wazee, vinu, ndonya za bibi zetu, mapanga ya mradi, vitambulisho vya kazi, vitazamwe kwa mikono ya wenyewe na kurudi navyo nyumbani. Visikusanywe na mtu wa kupita. Sauti zinaswe kwa simu ambazo vijana wote wanazo, lakini nakala zikae katika shule na maktaba ya wilaya, zisiishie Dar es Salaam wala ng'ambo. Kumbukeni ya kwamba mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alipita Lindi na Masasi akanasa nyimbo za watu wetu katika mitungi ya nta, akachukua na vyombo vyao, na hata leo anayetaka kuvisoma huanza Ujerumani. Na lugha ya mkutano iwe ile ambayo mzee hukumbukia. Akianza Kimwera asikatizwe arudi katika Kiswahili. Mfasiri na atafutwe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naipenda kazi yangu, lakini Kiswahili hakikui kwa kunyamazisha lugha zilizokilisha.

Serikali nayo ina sehemu yake, wala si ngumu. Mwaka 1863 si msahafu. Bunge lililouandika laweza kuusogeza, na kabla ya hapo Waziri anao uwezo wa kutangaza. Lakini hatatangaza asichoombwa. Kwa hiyo mambo hurudi kwa watu, na kwa watoto hasa. Mtoto wa Nachingwea hulitaja shamba la Farm 17 kwa namba yake bila ya kushangaa, kama atajavyo mto au mlima. Siku atakapouliza ni nani aliyehesabu mashamba hata yakafika 17, yale mengine yako wapi, na waliolala humo usiku walikuwa wakienda kupigana na nani, wilaya yake itakuwa imekwisha kupata mlinzi wa mambo ya kale, asiye na mshahara wala sare, na asiyeweza kuhamishwa.